Karatasi Haina Taa Ndani Yake

Hotuba kwa wapiga picha wa studio na harusi, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, dada zangu na kaka zangu. Shikamooni wakubwa. Vijana, hamjambo? Nashukuru kwa kunialika. Nimepewa saa moja kabla ya chakula, na masufuria ya pilau nimeyaona yakipita hapo nyuma, kwa hiyo najua ikifika dakika ya sitini na moja nitakuwa nazungumza na viti.

Nianze na aibu yangu. Miaka kadhaa nyuma nilipiga harusi Tanga, ya watu wenye nafasi zao, albamu ya kurasa 40, jalada la ngozi. Wiki mbili nilikesha na zile picha chumbani kwangu. Taa nimezima, eti nione vizuri. Kioo cha kompyuta nimekipandisha mng'ao hadi mwisho. Jamani, zilipendeza! Suti nyeusi ya bwana harusi unaona hadi mshono wa begani. Nikazipeleka labu zikasafishwe.

Albamu ikarudi. Bwana harusi ana kichwa na viganja, suti imemezwa na pazia la nyuma. Mama mzazi wa bibi harusi, mama mweusi wa kupendeza, uso wake umekuwa kivuli kimoja, jicho hulioni liko wapi. Nikaenda labu nimevimba. Niliyoyasema pale mlangoni siwezi kuyarudia mbele ya wazee.

Fundi wa pale, mtu mzima, hakubishana nami. Aliichukua albamu, akanishika mkono, tukatoka hadi barazani. Ilikuwa saa nne asubuhi, tumesimama kivulini, jua linapiga mchanga hatua tatu kutoka tulipo. Akasema, "Fungua." Nikafungua. Suti ina mshono. Mama ana macho, tena yanacheka.

"Picha zako unazitengenezea wapi, mwanangu?"

"Chumbani."

"Na taa?"

"Nazima."

Akanitazama kwa huruma ambayo mpaka leo inaniuma. "Karatasi haina taa ndani yake," akasema, akarudi kazini kwake.

Nimekuja na maneno hayo ya mzee. Sina mengi ya kuongeza, isipokuwa hesabu yake na namna ya kuyafanyia kazi. Kila ninapokutana na wapiga picha naulizwa swali lilelile: kaka, ninunue kipima rangi gani cha skrini? Mimi huuliza kwanza: taa ya chumba chako ikoje? Mtu ananiona kama namzungusha. Simzungushi. Skrini huiwezi kuifananisha na karatasi kama hujajua karatasi utaiangalia kwa mwanga gani. Ni kama kumwambia fundi cherehani akushonee suruali na humwambii ni ya nani.

Tuingie kwenye hesabu, ni fupi. Mng'ao wa kitu hupimwa kwa kandela katika mita moja ya mraba, nami nitasema "kandela" tu. Mwanga unaoangukia meza hupimwa kwa luksi. Karatasi nzuri nyeupe hurudisha karibu asilimia 90 ya mwanga unaoiangukia. Chukua luksi zako, zidisha kwa 0.9, gawanya kwa 3.14, unapata kandela za ile karatasi. Sebule ya kawaida usiku ina luksi 100 hivi. Piga hesabu: karatasi nyeupe kabisa, pale pembeni ya kompyuta yako, inakupa kandela 29.

Sasa skrini. Skrini mpya inatoka kwenye boksi ikiwa na kandela 250, 300, nyingine 350, kwa sababu muuzaji anataka ikuvute macho ikiwa rafuni pamoja na wenzake. Kandela 300 kwa 29. Mara kumi! Wewe unaipunguza picha mwanga kwenye skrini hiyo hadi jicho likuambie "hapa sawa", kisha unaipeleka kwenye karatasi yenye sehemu moja ya kumi ya mwanga ule. Halafu unamgombeza fundi wa labu. Picha haikutoka giza, ndugu zangu. Tumeitia giza wenyewe, kwa mikono yetu, usiku, tukiwa tumefurahi.

Najua kuna mtu anasema moyoni: mimi sina kifaa cha kupima kandela. Unacho, umekining'iniza shingoni. Weka usikivu wa kamera ISO 100, tundu la lenzi f/5.6, uache kamera ichague kasi ya shata. Weka karatasi nyeupe karibu na skrini, pale unapozoea kutazamia picha zako zilizosafishwa. Isogelee hadi ijaze fremu nzima, usijali fokasi, na angalia kivuli chako kisiangukie juu yake. Soma kasi. Kamera ikikupa 1/25, karatasi yako ina kandela 100, pungufu kidogo. Halafu fungua ukurasa mtupu mweupe kwenye kompyuta, uelekeze kamera hapo, ujaze fremu vilevile. Skrini ya kandela 300 itasoma 1/80 hivi. Karatasi ya sebuleni, ile ya kandela 29, itasoma 1/8. Hizo ni stopu tatu na zaidi, kila stopu ikiwa ni mwanga kuzidi mara mbili, na hapa hakuna mpiga picha asiyejua stopu tatu ni nini.

Kazi yako ni kuzileta hizo namba mbili pamoja. Shusha mng'ao wa skrini, pandisha mwanga wa chumba, hadi karatasi na skrini zisome kasi moja au zipishane theluthi ya stopu. Ningependa zikutane pale kwenye 1/25. Ili karatasi ifike kandela 100 unahitaji luksi 350 juu ya meza, na hizo taa moja nzuri ya mezani inazitoa bila shida. Zipo skrini, hasa hizi za kuchezea gemu, ambazo hata ukizishusha mng'ao hadi sifuri bado zinawaka kama sokoni. Hizo ongezea chumba taa, ukishindwa mpe mwanao achezee.

Viwango vya kimataifa navyo havikai mbali na hapo. ISO 3664, kanuni inayosimamia namna ya kutazama picha zilizochapwa, inataka luksi 2000 pale watu wanapolinganisha picha mbili kwa ukali wote, na luksi 500 pale unapotaka kujua itaonekanaje kwa mteja. Luksi 500 zinaipa karatasi kandela 143. Ndiyo maana ukisoma maelekezo ya watu wa kazi hii duniani utawakuta wote wanaelea kati ya 80 na 120, mwingine 140. Wamepishana kwa sababu vyumba vyao vinapishana. Ukiona mtu anakupa namba moja tu kama aya, bila kukuuliza chumba chako, mshukuru na uondoke.

Na hapa nimtendee haki yule mzee wa labu, kisha nimkosoe kidogo. Barazani kivulini saa nne asubuhi kuna luksi elfu kadhaa. Chini ya mwanga ule hata picha mbaya ina mshono wa suti. Kwa hiyo alichonionyesha ni kweli, lakini albamu ya harusi haikai barazani. Inatolewa kabatini usiku, wageni wamekuja, sebuleni, chini ya globu moja. Huko ndiko nyumbani kwake. Mimi siku hizi nikishalinganisha skrini na karatasi kwa luksi 350, picha za albamu naziongeza mwanga kidogo tena, robo ya stopu hadi theluthi, hasa kwenye nyuso. Za kutundika ukumbini penye madirisha makubwa siziongezi. Kwa hiyo muulize mteja itakaa wapi. Wengi watashangaa kuulizwa.

Sasa nikae kidogo kwenye weusi, kwa sababu hapa ndipo tunapoumia sisi kuliko wenzetu.

Skrini ya kawaida, nyeupe yake inaizidi nyeusi yake kwa mara 1000 hivi. Karatasi ya picha inayong'aa hufika mara 100, ikiwa nzuri sana 200. Karatasi isiyong'aa, ile ya kisanii watu wanayoipenda kwa kutundika ukutani, mara 40 au 50. Kwa hiyo ngazi zote ulizoziona gizani kwenye skrini, mshono, kifungo, ukosi, lazima zijikunje ziingie kwenye chumba kidogo. Na chumba kinachobanwa kwanza ni cha chini, cha vivuli. Mchukue mtu mweupe wa Ulaya: ngozi yake ipo juu, mbali na msongamano, uso unapita salama na suti tu ndiyo inayopotea. Mtu wetu mweusi, hasa akiwa upande wa kivuli, ngozi yake inakaa karibu na pale pale penye msongamano. Skrini iking'aa kupita kiasi, wa kwanza kufutwa usoni ni mama yake bibi harusi.

Na hilo halikuanza na kompyuta. Wazee mliosafisha picha za rangi enzi za mkanda mnaikumbuka kadi ya mwanamke wa Kizungu aliyetabasamu, iliyokuja na vifaa vya kurekebishia mashine. Kodak walikuwa wakizisambaza kwa labu tangu miaka ya 1950. Mwanamke wa kwanza alikuwa mfanyakazi wao, Shirley Page, na hata wengine walipochukua nafasi yake kadi iliendelea kuitwa Shirley. Fundi anachapa kadi, analinganisha ngozi ya Shirley, ikikaa sawa basi mashine imekaa sawa. Imekaa sawa kwa Shirley! Sisi wengine tulitoka tulivyotoka. Kadi ya Kodak yenye watu wa rangi mbalimbali ilikuja katikati ya miaka ya 1990.

Silisemi hili ili tulalamike, pilau inapoa. Nalisema kwa sababu kila kusawazisha kuna mtu au kitu kilichosimama upande wa pili kama kipimo, na ni vizuri ujue ni nani. Hata hesabu ya rangi inayotumiwa na kompyuta zote leo, ile iliyopitishwa na tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, mwaka 1931, ilitokana na majaribio mawili yaliyofanyika Uingereza, ya Wright na ya Guild. Ukiwajumlisha watu walioketi kulinganisha rangi katika majaribio yote mawili ni 17. Macho ya watu 17 yamekuwa macho ya dunia. Kwa bahati macho ya binadamu hayapishani sana, hesabu ile imefanya kazi nzuri na bado inafanya. Lakini ngozi, nguo na taa zetu zinapishana na zao, na hizo ni juu yetu kuzipima.

Kwa hiyo mimi nina Shirley wangu. Nimempa jina Mwanaisha. Ni faili moja la picha, nililitengeneza kwa mchana mmoja kwenye mwanga wa dirisha. Ndani yake kuna nyuso nne: mweusi sana, maji ya kunde, mwenye asili ya Kiarabu, na dada mwenye ualbino, maana kwenye kundi la familia huyu ndiye anayeungua wakati mwenzake anazama. Kuna kanzu nyeupe yenye darizi nyeupe kifuani, na kama darizi haionekani basi nyeupe imepotea. Kuna suti nyeusi. Kuna kanga ya rangi ya machungwa iliyokolea. Chini nimepanga ngazi za kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe. Faili hili naligusa mara moja tu, siku ya kulitengeneza. Kila ninapoanza na labu mpya au karatasi mpya, namtuma Mwanaisha kwanza. Picha inayorudi naiweka ndani ya bahasha gizani isipauke, na ndiyo ninayoishika mkononi ninapotazama skrini.

Mwombeni fundi jambo moja mnapotuma: mashine isiguse. Mashine nyingi za labu zina akili ya kurekebisha zenyewe. Ikiona picha nyeusi nyeusi inaipandisha, ikiona ina njano inaipoza. Inamsaidia mteja anayeleta picha za simu. Kwako wewe unayepima ni balaa, kwa sababu leo itapandisha na kesho haitapandisha, na hutajua unarekebisha skrini yako au unafukuzana na mashine. Lugha ya "usirekebishe, chapa kama ilivyo" mafundi wote wanaielewa.

Tumemaliza mng'ao, sasa rangi ya weupe.

Mwanga una ubaridi na ujoto, unapimwa kwa kelvini. Globu ya njano ya chumbani ni 2700 au 3000. Zile nyeupe za baridi zinazouzwa kila duka mjini ni 6500. Watu wa uchapaji wamechagua 5000 kama mwanga wao rasmi wa kutazamia, wanauita D50. Skrini zimezoea 6500, D65. Mtu akisoma hivyo anakimbilia kuiweka skrini yake 5000, kisha ananipigia simu kwamba imekuwa ya njano kama chai ya maziwa. Jicho linazoea mwanga linaokaa nao, na skrini inayowaka yenyewe hailizoeshi kwa namna moja na karatasi inayoangazwa. Anza na 6500. Weka ile karatasi nyeupe chini ya taa yako, pembeni ya ukurasa mtupu wa skrini, uzitazame kwa kupokezana. Skrini ikiwa na ubluu kuliko karatasi, ishushe kidogo kidogo, 6200, 5900, hadi jicho liache kugoma. Utakapotua ndipo pako, hata kama si namba ya kitabuni.

Ila taa yenyewe iwe taa ya maana. Kwenye boksi la globu tafuta herufi CRI au Ra, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa ukweli, mwisho wake 100. Nyingi zimeandikwa 80. Hiyo inatosha kuoshea vyombo. Kwa kutazamia picha tafuta 90 kwenda juu. Taa ya 80 inaweza kuwa nyeupe kabisa machoni, na bado ikaiba wekundu wa ngozi. Unaona nyuso zina ukijani, unaongeza wekundu kwenye faili, kesho mteja anafungua picha dirishani, watu wote wanatoka kama wamechemshwa.

Kuta nazo zinatoa rangi. Studio zetu tunazipaka kijani mpauko au pinki kwa sababu zinapendeza, halafu ukuta unaurudisha mwanga wake juu ya karatasi na juu ya kioo. Kijivu ni bora, cheupe kinafaa. Na wewe mwenyewe unayekaa mbele ya skrini ni ukuta. Ukivaa jezi nyekundu ya Simba, utaiona Simba kwenye vivuli vyote vya picha. Ya Yanga ni mbaya zaidi, kwa sababu njano na kijani vinamfanya bibi harusi aonekane mgonjwa. Naomba isichukuliwe kama nimetaja timu yangu.

Haya, kifaa. Sikisemi vibaya, mimi ninacho na siwezi kukaa bila yake. Macho yanazoea, kifaa hakizoei. Skrini nayo inazeeka: taa ya ndani inafifia na weupe unahama taratibu, huoni kwa sababu uko nayo kila siku, kama usivyoona mwanao anavyorefuka. Kifaa ni kama panya wa kompyuta, kina jicho moja, unakining'iniza katikati ya kioo. Kabla ya hapo iwashe skrini nusu saa ipate moto. Zima ile hali ya usiku inayoleta unjano jioni. Zima mng'ao unaojibadilisha wenyewe. Hali za skrini zenye majina ya sinema na michezo zitoe, rudisha ya kawaida. Funga pazia. Ilaze skrini nyuma kidogo ili kifaa kiketi vizuri na mwanga usipenye kando. Programu itakuuliza mambo matatu: weupe, gama, yaani namna ngazi zinavyopanda kutoka nyeusi hadi nyeupe, na mng'ao. Weupe weka ile namba yako, gama 2.2, mng'ao 100 au ule uliopima kwa kamera. Itaanza kumulika rangi mojamoja, na wewe ukanywe kahawa.

Hapo kinafanya kazi mbili ambazo watu wanazichanganya. Ya kwanza ni kusawazisha, yaani kuivuta skrini ifike ulikoagiza. Ya pili ni kuandika profaili, yaani cheti kinachosema skrini hii imefika wapi na imeshindwa wapi. Cheti hicho ndicho Photoshop, programu yetu ya kurekebishia picha, inachokisoma ili ijue rangi iliyomo kwenye faili iionyesheje kwenye kioo hiki chenye ulemavu huu. Mpango huo wa vyeti ulianzishwa mwaka 1993, kampuni nane zikiwemo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft zilipounda chombo kinachoitwa ICC, kwa sababu kila mmoja alikuwa na rangi zake na hakuna aliyemwelewa mwenzake. Printa nayo ina cheti chake, tena kimoja kwa kila aina ya karatasi. Mwombe fundi wako cheti cha mashine na karatasi anayotumia. Akikupa, Photoshop inaweza kukuigizia karatasi ile kwenye skrini kabla hujalipa hata senti: chagua profaili hiyo kwenye sehemu ya majaribio ya uchapaji, kisha Ctrl na Y. Ukiiambia iige na weupe wa karatasi, picha itanyauka mbele ya macho yako. Usiogope. Geuka pembeni unapobofya, subiri kidogo, ndipo utazame. Asipokupa, mtumie faili la sRGB, ule mpangilio wa rangi wa kawaida wa skrini, maana mashine nyingi za labu ndilo zinalotarajia, na umtegemee Mwanaisha.

Kwa bei yake, kifaa kimoja kinawatosha watu wengi. Skrini hupimwa mara moja kwa mwezi, siku nyingine 29 kifaa kimelala sandukuni. Akina mama wanaweka vikoba wanajenga nyumba, sisi tunashindwa kununua kipima rangi kimoja watu kumi? Ipo na programu ya bure, DisplayCAL, inayosimama juu ya nyingine ya bure, ArgyllCMS, inayoelewana na vifaa vingi. Kwa hiyo hata kifaa cha mtumba ambacho programu yake ya asili imeshakufa kinaweza kufufuka.

Nikitaja mtumba nikumbushe: hizi skrini zilizotoka maofisini Ulaya si zote mbaya, lakini jaribu kabla ya kulipa. Fungua picha yenye kijivu cha kati, simama, kaa, sogea kushoto. Kama kijivu kinabadilika kila unapoinua kichwa, usiinunue kwa kazi hii, kifaa hakiwezi kuiponya. Tafuta iliyoandikwa IPS, aina ya kioo ambacho rangi zake hazibadiliki sana ukikitazama kwa pembeni.

Jambo la mwisho, maana namwona mwenyekiti ameangalia saa. Kuna rangi hazitafanana kamwe. Skrini inajenga rangi kwa kuongeza mwanga: nyekundu, kijani, bluu. Wino unazijenga kwa kuumeza mwanga. Ile bluu ya umeme ya satini ya wasimamizi wa harusi, inayowaka kwenye skrini kama taa ya gari la polisi, karatasi haina. Nayo printa nzuri ina samawati za bahari ambazo skrini yako ya kawaida haiwezi kuzionyesha. Msichana mmoja hapa kabla hatujaanza ameniuliza afanyeje mteja anapokuja na simu mkononi, anaifananisha na fremu, anasema "mbona kwenye simu inang'aa?" Mimi simu siipingi. Namsogeza mteja dirishani na picha yake, namwambia aiweke simu chini, nanyamaza. Wengi wanaacha kuitazama simu. Mmoja alinidai punguzo hata hivyo, nikampa.

Sasa nina vitu mezani. Skrini hii haijaguswa, imetoka kwenye boksi jana. Hii ni karatasi nyeupe. Hii ni albamu ya Tanga, ndiyo yenyewe. Wenyewe niliwatengenezea nyingine kwa gharama yangu. Na hizi ni taa mbili, moja ya 80, moja ya 95. Kijana uliye karibu na swichi, zima za ukumbini. Mama, wewe uliyekaa mbele mwenye kamera, weka ISO 100, f/5.6, njoo utusomee kasi kwa sauti. Anza na karatasi.